Kipimo Kimoja cha Stara: Namna ya Kuandika na Kusimamia Kanuni ya Mavazi Isiyowaonea Wanawake

Mwongozo huu ni wa wenye dhamana: kamati za misikiti, walimu wa madrasa, wakuu wa shule za Kiislamu, maimamu wanaoandaa hutuba, na wazazi wanaolea watoto wa kike na wa kiume chini ya paa moja. Hatujadili hapa kama stara ni wajibu. Ni wajibu, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kinachotuuma ni pale wajibu huo unapodaiwa wote kutoka upande mmoja, upande wa pili ukasamehewa kimyakimya, kisha hali hiyo ikapewa jina la dini. Surat Al-Mutaffifin, ya 83, inaanza kwa kuwatahadharisha wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kipimo kijae, na wao wakiwapimia wenzao hupunja. Anayepunja katika stara anafanya lilelile, tena kwa kutumia jina la Mwenyezi Mungu.

Dalili za kupunja

Msichana wa miaka 12 mtandio umemteleza wakati wa kuandika, anarudishwa nyumbani na somo linampita. Kaka yake siku hiyohiyo anacheza mpira uani na bukta iliyopanda juu ya goti, mbele ya mwalimu yuleyule, na haambiwi kitu. Langoni kuna bango la mavazi ya wanawake lenye mistari kumi. La wanaume halipo. Bwana harusi anakaa mbele ya imamu na pete ya dhahabu kidoleni, ndoa inafungwa, na nasaha inayofuata ni kuhusu nguo za wageni wa kike. Binti aliyeshikwashikwa njiani anaulizwa kwanza alikuwa amevaa nini.

Ukiviangalia vizuri, vyote hivi vina makosa ya aina nne: nani anayepimwa, nani anayepima, andiko gani linasomwa na gani linarukwa, na adhabu inamgharimu nani. Kanuni inayorekebisha moja tu kati ya hayo haitafika mbali.

Anzeni na daftari

Kabla ya kubadili chochote jueni hali ilivyo. Bila hesabu, kikao cha kwanza kitaishia kwenye "mnatusingizia" na "mnajifanya hamuoni". Chagueni wiki 4 za kawaida. Msichague Ramadhani wala likizo, kwa kuwa nyakati hizo watu huvaa na kukemeana kwa namna ambayo si ya siku zote.

Daftari liwe na safu sita: tarehe, aliyeambiwa ni wa kike au wa kiume, umri wake kwa kukadiria, aliyesema ana nafasi gani, watu wangapi walikuwa wakisikia, na nini kilifuata. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. "Aliambiwa ajifunike, akajifunika, akaendelea na somo" ni jambo moja. "Alirudishwa nyumbani, akakosa saa 2 za masomo" ni jambo jingine kabisa, na ndipo tofauti kati ya wavulana na wasichana hujitokeza waziwazi hata pale idadi ya walioonywa inapokaribiana.

Majina yasiandikwe kamwe. Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat inakataza dhana mbaya na kupelelezana, na daftari lenye majina litakuwa limegeuka upelelezi kufikia wiki ya pili. Waandikaji wawe wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja upande wake. Akiandika mwanamume peke yake, maneno yanayosemwa upande wa wanawake hayatafika kwenye karatasi. Akiandika mwanamke peke yake, watu watasema ameongeza chumvi.

Sambamba na hilo, chukueni hutuba za Ijumaa za mwaka mzima uliopita, kama zilirekodiwa au ziliandikwa. Kwa kila moja andikeni dakika zilizotumika kwenye mambo matatu: mavazi ya wanawake, mavazi ya wanaume, na macho ya wanaume. Jumlisheni. Mara nyingi jumla ya jambo la tatu ndiyo inayowashtua wajumbe, kwa sababu ndilo Qur'ani ilianza nalo.

Someni andiko lote

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo kamati nyingi hukimbia kwa kudhani maandiko yenyewe ndiyo yanayowapendelea wanaume. Mara nyingi tatizo ni mkasi wa msomaji. Yako maandiko yanayotumika sana katika suala hili, na kila moja lina sehemu inayoachwa.

Surat An-Nur, aya ya 31, ndiyo inayosomwa zaidi: wanawake Waumini wainamishe macho, walinde tupu zao, wasionyeshe mapambo ila yanayodhihirika, na waangushe mitandio yao hadi vifuani. Aya iliyotangulia, ya 30, inawaelekea wanaume Waumini kwa amri zilezile mbili za kwanza: wainamishe macho yao na walinde tupu zao. Wanaume wameambiwa kwanza. Na ile aya ya 31, ambayo wengi huimaliza wanapofika kwenye orodha ya mahramu (ndugu wa karibu ambao mtu haruhusiwi kuoana nao), inafungwa kwa kuwaita Waumini wote pamoja watubu kwa Mwenyezi Mungu. Khatibu anayesoma aya ya 31 bila ya 30, tena bila kuifikisha mwisho, amewaondoa wanaume mara mbili katika maneno yaliyowahusu.

Surat Al-Ahzab, aya ya 59, inawaamuru wanawake wateremshe jilbabu zao (nguo pana za juu), na inataja sababu: watambulikane na wasiudhiwe. Aya ya 58, iliyo mlangoni mwake, inasema wanaowaudhi Waumini wanaume na wanawake bila ya wao kufanya kosa wamebeba dhambi iliyo wazi. Aya ya 60, inayofuata, inawatishia wanafiki, wenye maradhi nyoyoni na waeneza uvumi wa Madina kwamba wasipokoma Mtume atapewa nguvu juu yao. Kwa hiyo amri ya jilbabu imekaa katikati ya maonyo mawili kwa wanaoudhi. Anayeisomea jamii aya ya katikati peke yake huifanya ionekane kana kwamba kuudhiwa ni kosa la aliyeudhiwa.

Hadithi ya wanawake "waliovaa lakini wako uchi" ni sahihi; ameipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Abu Hurayra, Mwenyezi Mungu amridhie. Inaning'inizwa milangoni na kusambazwa kwenye simu kila leo. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alitaja makundi mawili ya watu wa motoni, na hilo ni la pili. La kwanza ni watu wenye mijeledi kama mikia ya ng'ombe wanaowapiga watu kwayo. Yaani hadithi moja imemwonya anayevaa vibaya na imemwonya anayewaonea watu kwa nguvu, na huyu wa mwisho ndiye aliyetangulizwa. Kuna mahali sehemu ya pili ya hadithi hii hutumika kuhalalisha sehemu ya kwanza. Mkiibandika ukutani, bandikeni yote.

Tukio la Al-Fadhl bin Abbas limo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Katika Hija ya kuaga, Al-Fadhl alikuwa amepanda nyuma ya Mtume, akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza kuhusu kumhijia baba yake mzee. Al-Fadhl akawa anamtazama, naye anamtazama. Mtume aliushika uso wa Al-Fadhl akaugeuza upande mwingine, na yule mwanamke akajibiwa swali lake. Wanaoona nikabu, yaani kufunika uso, ni wajibu hujibu kwamba mwanamke huyo alikuwa katika ihramu, hali ya Hija ambayo mwanamke havai nikabu, na jibu lao lisikilizwe kwa heshima. Lakini hata kwa maelezo hayo, fundisho kuhusu macho halibadiliki: kilichogeuzwa ni uso wa mwanamume, na mwanamke hakufukuzwa kwenye elimu.

Nyingine ni ngeni kwa wengi. Bukhari amepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd kwamba wanaume waliokuwa wakiswali na Mtume walifunga shuka zao shingoni kwa kuwa zilikuwa ndogo, na wanawake wakaambiwa wasiinue vichwa kutoka sijda mpaka wanaume wakae sawasawa. Wanaume hawakuwa na nguo za kutosha. Hakuna aliyewatukana wala kuwatoa msikitini. Ulipatikana utaratibu mdogo wa kuwasitiri, na swala ikaendelea. Hiyo ndiyo namna ya kushughulikia upungufu wa nguo, na iwe hivyohivyo kwa binti ambaye mtandio wake ni mfupi.

Kuhusu hadithi ya Asma kwamba mwanamke akibaleghe haionekani ila uso na viganja: ameipokea Abu Daud, na Abu Daud mwenyewe akasema mnyororo wa wapokezi wake umekatika, kwani Khalid bin Durayk, anayeipokea kutoka kwa Aisha, hakukutana naye. Mkiitumia, semeni hivyo. Hukumu ya kufunika nywele haiangushwi na hilo, maana ina dalili nyingine, na ya kwanza ni aya ya 31 yenyewe. Mtu anayefundishwa kwa ukweli kuhusu daraja ya dalili hukubali haraka kuliko anayetishwa.

Kanuni ya vitendo kwa khatibu na kwa anayeandika matangazo: andiko lolote la mavazi lisomwe pamoja na aya moja kabla na moja baada, na hadithi isomwe kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hutuba ikiwa na dakika 5 za mavazi ya wanawake, iwe na dakika zisizopungua 5 za macho, mavazi na mwenendo wa wanaume, siku hiyohiyo. Ahadi ya "hilo tutalizungumza wiki ijayo" haitimizwi.

Gaweni mambo katika mafungu matatu

Chukueni karatasi kubwa. Fungu la kwanza ni yale ambayo madhehebu manne ya fikihi (Hanafi, Maliki, Shafi na Hambali) yanakubaliana. Kwa mwanamke aliyebaleghe: kufunika nywele, kifua, mikono (bila kuhesabu viganja) na miguu (bila kuhesabu nyayo) mbele ya wasio mahramu, na nguo isiyoonyesha ngozi. Kwa mwanamume: kusitiri tupu, kutovaa hariri halisi bila dharura, kutovaa dhahabu. Fungu la pili ni yale waliyohitilafiana. Fungu la tatu ni desturi tu.

Fungu la pili ndilo linalohitaji uaminifu. Uso wa mwanamke: wako wanaouona ni lazima ufunikwe na wako wengi wasioona hivyo. Nyayo: Shafi anazihesabu katika uchi wa mwanamke ndani ya swala, ilhali kauli inayotegemewa kwa Hanafi haizihesabu. Paja la mwanamume: kwa Shafi, kitovu hadi goti ndiyo mipaka, kwa Hanafi hata goti limo, kwa Maliki kuna mjadala. Nguo ya mwanamume inayoshuka chini ya kifundo cha mguu: kuna hadithi kali katika Bukhari, na wanazuoni wamehitilafiana kama ukali huo ni kwa mwenye kibri peke yake, kwa kuwa Abu Bakr aliambiwa kwamba yeye si katika wanaofanya hivyo kwa kibri.

Angalieni sasa tabia ya jamii katika fungu hili. Hitilafu inapomhusu mwanamume, hutafutiwa kauli nyepesi: "wanazuoni wamehitilafiana, tusikaze." Inapomhusu mwanamke, huchukuliwa kauli nzito zaidi na kutangazwa kana kwamba ni ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni wote. Huku ndiko kupunja kwenyewe, tena kwenye sura ya elimu. Amueni tangu mwanzo: katika mambo ya hitilafu, kamati itafuata madhehebu moja kwa pande zote mbili, au itamwachia kila mtu, mwanamume na mwanamke, kauli aliyoridhika nayo. Kuchanganya hakuruhusiwi.

Fungu la tatu huwa refu kuliko watu wanavyotarajia. Rangi nyeusi imo humo. Baibui la mtindo fulani limo, kanzu na kofia zimo, na pia imani kwamba mtandio wa rangi ni uhuni. Desturi njema ina heshima yake, lakini asiyeifuata asiambiwe amemuasi Mungu.

Kuandika kanuni yenyewe

Ukurasa mmoja, pande mbili zilizo sambamba, idadi ya mistari sawa. Kila sharti la mwanamke lililo upande wa kulia liwe na mwenzake upande wa kushoto. Mkikosa mwenzake, jiulizeni kama sharti hilo ni la fungu la kwanza kweli. Tumieni maneno ya kupimika. "Avae kwa heshima" halipimiki, na neno lisilopimika hugeuka fimbo mkononi mwa yeyote aliye na hasira siku hiyo. Mfano wa mistari inayofaa:

"Mwanafunzi wa kike aliyebaleghe: nguo ifike kifundo cha mguu na kifundo cha mkono, mtandio ufunike nywele, shingo na kifua. Mwanafunzi wa kiume aliyebaleghe: nguo ifunike kuanzia juu ya kitovu hadi chini ya goti, akiwa amesimama, ameketi na anapocheza, asivae dhahabu."

"Nguo ya yeyote isionyeshe ngozi na isichore umbo la tupu."

"Yeyote anayemtazama mwenzake kwa namna ya kumbughudhi, anayempigia mluzi au kumtolea maneno, amevunja kanuni hii kwa uzito kuliko aliyekosea nguo."

Mstari huo wa tatu msiuache. Kanuni ya mavazi isiyo na kifungu cha macho na ulimi ni nusu ya aya.

Kuhusu umri: sheria huanza kwenye baleghe. Mtoto wa miaka 6 wa kike si mkalifishwa, yaani hajabebeshwa wajibu wa sheria, kama ambavyo kaka yake si mkalifishwa. Kumzoesha ni vizuri, kumwadhibu kwa sababu ya mtandio ni dhuluma. Mkitaka kuweka umri wa mazoezi, tumieni ule wa swala, miaka 7, kwa wote wawili, na mazoezi yabaki kuwa mazoezi.

Majaribio ya nguo

Yafundisheni kwa pande zote, kila mtu ajipime mwenyewe nyumbani. Mtu asimpime mwingine kwa mkono.

La mwanga: weka kiganja ndani ya nguo, simama mbele ya dirisha. Ukiweza kuhesabu vidole, kitambaa ni chepesi. Ongeza nguo ya ndani. Kanzu nyeupe nyepesi za kiume hushindwa jaribio hili mara nyingi sana. Mvaaji wake, akisimama mlangoni jua likiwa nyuma, huonekana mapaja yote kwa kivuli, na hakuna anayemwambia.

La rukuu na sijda: hili ni la wanaume hasa. Vaa shati na suruali unayoendea msikitini, fanya sijda kamili, halafu pitisha mkono nyuma ya kiuno. Ukigusa ngozi chini ya usawa wa kitovu, uchi wako umefunuka ndani ya swala. Kwa Shafi, anayeiachia hali hiyo hali anajua, swala yake imebatilika. Kilichofunuliwa ghafla na upepo kikafunikwa papo hapo hakidhuru. Suruali inayokaa chini ya kiuno na fulana fupi ndiyo hitilafu ya mavazi iliyo nyingi kuliko zote katika safu za wanaume, na aliye safu ya nyuma huiona kila rakaa. Dawa yake: shati lishuke shibiri moja chini ya mkanda, au fulana ndefu ichomekwe ndani.

La kunyanyua mikono: kwa wanawake, pandisha mikono hadi usawa wa mabega kama wa kutakbiri. Mkono mpana wa baibui ukirudi hadi kiwikoni, vaa mkono wa ndani wa kubana. Mtandio unaoteleza kila dakika kwa kawaida ni wa kitambaa laini kilichowekwa juu ya nywele tupu. Kofia nyepesi ya pamba chini yake humaliza tatizo, na mtoto hatakuwa na haja ya kukemewa tena.

Nguo za akiba

Kitu kidogo hiki huondoa nusu ya magomvi. Wekeni sanduku mbili, moja kila mlango. La wanawake: mitandio 10 ya takriban sentimita 180 kwa 75, na sketi ndefu 5 za kufunga kwa kamba. La wanaume: shuka 10 za takriban mita 2 kwa mita 1.2, na kanzu 5 za ukubwa mbalimbali. Zifuliwe kila wiki, maana nguo yenye harufu hakuna atakayeivaa na sanduku litakuwa pambo. Msiweke rangi moja ya kumtambulisha mwazimaji. Ikiwa kila mtu anajua kwamba mtandio wa kijani ni wa "waliokosea", mmetengeneza alama ya fedheha. Msiweke sanduku la wanawake peke yake.

Namna ya kumwambia mtu

Anayeonya awe wa jinsia moja na anayeonywa, awe mtu mmoja, na aseme faraghani. Sentensi moja inatosha: "Dada, mtandio umesogea nyuma," au "Kaka, shati limepanda ukiwa kwenye sijda." Akishasema, aondoke, asisimame kusubiri aone utekelezaji. Bedui alipokojoa ndani ya msikiti, Mtume aliwazuia maswahaba wasimkatize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe, kisha akamfundisha kwa upole. Hakuna kosa la mtandio linalofikia hapo.

Mambo yasiyoruhusiwa: kupiga picha, kumtaja mtu kwenye kipaza sauti, kugusa nguo yake, kumwambia baba au mume wake kabla yake mwenyewe, na kuihusisha nguo na maadili yake ya faragha. Hili la mwisho lina hatari yake kisheria. Aya ya 4 ya Surat An-Nur inaweka mijeledi 80 kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi uzinifu asilete mashahidi 4, na ushahidi wake hukataliwa. Mtu anayesema "kwa nguo ile, lazima ni malaya" amesogea kwenye mpaka huo kwa neno moja. Aya hiyo imo katika sura ileile wanayoinukuu.

Adhabu isiwe kukosa somo wala kukosa swala. Mtume amekataza kuwazuia wanawake misikiti ya Mwenyezi Mungu, na binti anayerudishwa nyumbani mara tatu kwa muhula huacha kuja. Kama lazima pawe na adhabu kwa mwenye kurudia makusudi, iwe moja kwa wote: kubaki dakika 15 baada ya kipindi na kusaidia kupanga vitabu, mvulana na msichana kwa kosa la daraja moja.

Anapokuja mtu aliyebughudhiwa

Swali la kwanza ni "Uko salama?" Kisha: nani, wapi, lini, alifanya au alisema nini, nani aliona. Swali la nguo halimo kwenye fomu. Likiulizwa na mjumbe, mwenyekiti alizuie papo hapo, kwa sababu jibu lolote halibadilishi hukumu ya aliyefanya. Kuinamisha macho hakukufungwa kwa sharti kwamba anayetazamwa amejisitiri. Jarir bin Abdillah alipouliza kuhusu mtazamo wa ghafla, aliambiwa ageuze macho yake. Riwaya imo katika Muslim.

Vijana wanaokaa vibarazani na kwenye kona wasomewe hadithi ya haki za njia, aliyoipokea Abu Said Al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Waliosema hawana budi kukaa njiani walipewa masharti: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Macho yametangulia. Wengi wanaokaa kona kukosoa nguo za wapita njia hujiona wanatekeleza sharti la mwisho huku wameshavunja la kwanza.

Ikiwa mlalamikiwa ni mtu mwenye cheo katika msikiti, asikae kwenye kikao kinachomjadili. Andikeni hilo mapema, kabla halijatokea, kwa kuwa likishatokea hakuna atakayethubutu kulipendekeza.

Nyumbani

Mzazi apige hesabu ya siku moja: mara ngapi nimemwambia binti kuhusu nguo, mara ngapi nimemwambia kijana kuhusu nguo na macho yake. Anayetoka saa 2 usiku aulizwe anakwenda wapi, awe binti au kijana. Baba aanze na yeye mwenyewe, maana kijana anayemwona baba yake akimfuata mwanamke kwa macho barabarani hatajifunza stara kwa kumwona dada yake akifokewa.

Yanayoharibika baadaye

Kosa la kwanza ni kusawazisha kwa kuongeza ukali: wavulana wanaanza kufokewa kama wasichana walivyokuwa wakifokewa, na kamati inadhani imetenda haki. Shusheni ukali wa upande uliozidi, msiupandishe wa pili.

Kosa jingine ni kupunja kwa upande wa nyuma. Mwanamke aliyechagua nikabu anaitwa mshamba, au anakejeliwa na wasomi kwamba amelazimishwa, bila kuulizwa. Aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat imekataza kundi kulidharau jingine, ikataja wanaume, kisha ikataja wanawake kwa jina lao. Kanuni imlinde na huyu kwa mstari uleule unaomlinda asiyevaa nikabu.

La tatu ni kamati isiyo na wanawake. Wawe wasiopungua theluthi, na mmoja wao awe na elimu ya fikihi, ili asigeuzwe mpokea taarifa. Pasipo mwanamke aliyesoma, mtumeni anayeweza kusoma na mlipe gharama ya masomo yake.

Mapitio yafanyike baada ya miezi 3 kwa daftari lilelile la safu sita, wiki 4 nyingine. Linganisheni mambo matatu: saa za masomo zilizopotea kwa wasichana na kwa wavulana, idadi ya walioonywa mbele za watu, na dakika za hutuba. Kama saa za wasichana zimeshuka lakini safu ya wavulana bado iko tupu, msifurahi mapema. Hakuna aliyeanza kuwatazama. Mpeni mwalimu mmoja wa kiume kazi ya kusimama safu ya nyuma Ijumaa 4 mfululizo, aone mashati yanapanda kiasi gani, na amwendee kila mmoja kimyakimya baada ya salamu.